Usimcheke ‘Kibonge’: Hakuchagua jeni zake, na chipsi hakujinunulia

Unakumbuka ile siku ya maabara ukiwa Kidato cha Kwanza? Mwalimu wa Bayolojia alikuja na kipande cha maini mabichi, akakikatakata, akakitia ndani ya kichupa chembamba cha glasi, kisha akamimina hidrojeni peroksaidi juu yake.

Povu likapanda hadi likafurika mezani. Darasa zima likapiga kelele. Mwalimu akaingiza kijiti chenye kaa jekundu, na kijiti kikashika moto. Ukaandika kwenye daftari kwamba kimeng’enya kilicho ndani ya maini kinaitwa katalesi. Ukakariri, mtihani ukaisha, ukasahau.

Leo tunakurudisha kwenye lile povu, kwa sababu linahusiana na mtoto mmoja unayemjua.

Yupo kwenye ploti yenu, ama estate ya pili. Ana miaka tisa au kumi. Wenzake wanamwita Kibonge, na hata watu wazima wameacha kumwita kwa jina lake. Wakigawana timu za mpira yeye huchaguliwa wa mwisho, ama anawekwa golini kwa sababu “anajaza goli”. Naye hucheka pamoja nao, maana ameshagundua kwamba ukicheka wa kwanza, inauma kidogo kuliko ukichekwa.

Kila mtu ana maelezo yake kuhusu mtoto huyu. Jirani anasema mamake anamdekeza. Shangazi anasema ni damu, “ukoo wao wote ni hivyo”. Mjomba anasema ni uvivu, na kwamba enzi zao walitembea kilomita kumi kwenda shule. Na wewe, ukiwa mkweli, huenda umewahi kumrekodi video akikimbia ukaituma kwenye kundi la mabeste.

Msimamo wetu ni huu: wote wamekosea, na kukosea huku kuna gharama ambayo mtoto ndiye anayeilipa. Sayansi ya jeni imetupa sababu nzuri ya kuacha kumlaumu mtoto. Lakini haijatupa ruhusa ya kukunja mikono na kusema “ni damu tu”. Twende polepole.

Wazimamoto walio ndani yako

Seli za mwili wako huchoma chakula kwa kutumia oksijeni ili upate nguvu. Ni kama jiko la makaa: huwezi kupika bila cheche kuruka. Cheche za mwilini ni aina za oksijeni zilizo kali mno, ambazo hugonga chochote kilicho karibu, iwe ni mafuta ya utando wa seli, protini ama hata DNA yenyewe. Chache si mbaya. Mwili huzitumia hata kupigana na vijidudu. Zikizidi, ndipo nyumba inaanza kuungua.

Ndiyo maana mwili umeajiri wazimamoto. Wa kwanza anaitwa supaoksidi dismutesi. Kazi yake ilielezwa mwaka wa 1969 na wanasayansi Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Yeye hukamata cheche kali na kuzigeuza kuwa hidrojeni peroksaidi, ile ile uliyoiona maabara.

Lakini hidrojeni peroksaidi nayo ikikaa ni hatari. Hapo anaingia wa pili, katalesi, ambaye huivunja ikawa maji na oksijeni. Molekuli moja tu ya katalesi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za hidrojeni peroksaidi kwa sekunde moja. Ndiyo sababu lile povu lilikuwa na fujo kiasi kile. Wa tatu anaitwa glutathioni peroksidesi. Naye huifanya hidrojeni peroksaidi kuwa maji, na aina zake kadhaa haziwezi kufanya kazi bila madini ya seleniamu kutoka kwenye chakula.

Kundi hili la vimeng’enya ndilo huitwa vimeng’enya vya kuzuia uharibifu wa oksijeni, ama kwa lugha ya matangazo ya biashara, antioksidanti. Shika hilo neno. Tutalirudia baadaye, maana kuna watu wanataka pesa zako kwa jina lake.

Herufi moja tu

Sasa, maagizo ya kutengeneza kila kimeng’enya yameandikwa kwenye jeni ulizorithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jeni ya katalesi iko kwenye kromosomu ya 11. Maagizo yenyewe yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Na kama ilivyo kwa kitu chochote kilichonakiliwa mara nyingi, nakala zetu hazifanani herufi kwa herufi. Kwa walio wengi tofauti hizi hazileti shida yoyote inayoonekana.

Kuna tofauti moja iliyowavutia watafiti. Haiko ndani ya maagizo ya katalesi yenyewe, bali iko kabla hujafika kwenye maagizo, sehemu inayofanya kazi kama swichi. Hapo, herufi moja inaweza kuwa A ama G. Taa ni ile ile kwa kila mtu, ila swichi inaweza kuathiri ni mwanga kiasi gani unaotoka.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Uhispania, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Granada, walichapisha matokeo baada ya kulinganisha watoto wenye unene wa kupindukia na wale wenye uzani wa kawaida. Walipata kwamba tofauti ya herufi hiyo ilikuwa na uhusiano na unene. Pia, katalesi kwenye damu ya watoto wenye unene wa kupindukia ilikuwa ikifanya kazi kwa kiwango cha chini. Mwaka uliofuata, kundi hilo lilitazama pia jeni za glutathioni peroksidesi na likapata uhusiano na unene huko pia.

Usikimbie na hiyo stori bado. Uhusiano si sawa na chanzo. Ukiona wazimamoto mahali penye moto, huwezi kusema ni wao waliouwasha. Inawezekana katalesi dhaifu inachangia mtoto kunenepa. Inawezekana pia kwamba unene ndio unaomaliza nguvu za katalesi, kwa sababu mafuta yakijaa mwilini nayo huzalisha cheche zaidi na kuleta uvimbe wa ndani kwa ndani usiouona kwa macho. Na inawezekana yote mawili yanazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Kidonda ambacho hakikutoa povu

Acha tukupe kisa kimoja cha kweli. Miaka ya 1940, daktari mmoja wa Japani, Shigeo Takahara, alimfanyia upasuaji msichana mdogo aliyekuwa na maradhi ya kinywa. Alipomaliza, alimimina hidrojeni peroksaidi kwenye kidonda ili kukisafisha, kama ilivyokuwa kawaida. Alitarajia povu. Povu halikutoka. Badala yake, damu ilibadilika rangi ikawa nyeusi nyeusi.

Takahara hakupuuza jambo hilo. Alichunguza na kugundua kwamba damu ya msichana huyo haikuwa na katalesi inayofanya kazi, na kwamba hali hiyo ilikuwa ya kurithi. Kwa mara ya kwanza dunia ikajua kwamba mtu anaweza kuzaliwa bila mzimamoto huyu.

Swali la kujiuliza ni hili: je, watu hao walikufa? La. Wengi wao waliishi maisha ya kawaida, ingawa baadhi walisumbuliwa na vidonda vya kinywa na fizi. Wazimamoto wengine walibeba mzigo. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2000, watafiti wa Hungary waliripoti kwamba katika familia zenye upungufu wa kurithi wa katalesi, ugonjwa wa kisukari ulionekana zaidi kuliko kwa jamaa zao wasio na upungufu huo.

Unaona somo lilivyo? Hata jeni ikiharibika kabisa, haiamui maisha yako peke yake. Lakini pia haikai kimya. Inasukuma kidogo, kwa miaka mingi, na mara nyingi inasubiri mazingira yaisaidie kusukuma.

Kilima ambacho hukuchagua

Pengine umewahi kusikia kuhusu jeni nyingine maarufu zaidi, inayoitwa FTO. Mwaka wa 2007, wanasayansi wa Uingereza na wenzao walichunguza DNA ya watu karibu 39,000 wenye asili ya Ulaya. Waligundua kwamba watu wazima wenye nakala mbili za aina fulani ya FTO walikuwa na uzani uliozidi wa wenzao kwa takriban kilo 3, na tofauti hiyo ilianza kuonekana tangu wakiwa na umri wa miaka saba.

Kilo tatu. Si thelathini. Na hii ndiyo miongoni mwa jeni za kawaida zenye nguvu zaidi kwenye unene. Nyingine, zikiwemo hizi za vimeng’enya, kila moja husukuma kidogo tu.

Ukizijumlisha zote, tafiti za mapacha na familia zinaonyesha kwamba tofauti za uzani kati ya watu hutokana na urithi kwa kati ya asilimia 40 na 70. Tafadhali usisome vibaya hapo. Haimaanishi kwamba asilimia 70 ya tumbo lako imetoka kwa babu. Inamaanisha kwamba ukiwaweka watu kwenye mazingira yanayofanana, wale wale chakula na yale yale mazoezi, bado watatofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na jeni.

Fikiria watoto wawili wanaoendesha baiskeli. Mmoja yuko kwenye barabara tambarare, mwingine anapanda mlima. Ukimwona wa pili ametoka jasho na bado yuko nyuma, utamwita mvivu? Huyo wa mlimani huenda anakanyaga kwa bidii kuliko mwenzake. Jeni ndizo zinazoamua mteremko. Mtoto hakuchagua barabara.

Lakini mlima unapandika. Mwaka wa 2011, uchambuzi uliojumuisha zaidi ya watu wazima 200,000 ulionyesha kwamba kwa watu wanaofanya mazoezi, nguvu ya ile jeni ya FTO ya kuongeza hatari ya unene ilipungua kwa zaidi ya robo. Jeni ilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni maisha yaliyoizunguka.

Jeni hazijabadilika, mtaa umebadilika

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo tunapotaka kukukamata.

Jeni za Wakenya hazikubadilika kati ya mwaka wa 2014 na 2022. Muda huo ni mfupi mno. Lakini utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Ule wa 2022 ulionyesha kwamba kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, ni asilimia 45. Hata ukikumbuka kwamba umri uliopimwa hapo haulingani kabisa, huwezi kusema ni damu.

Na watoto? Miaka zaidi ya kumi iliyopita, Nairobi ilikuwa mojawapo ya sehemu 12 za dunia zilizoshiriki utafiti mkubwa kuhusu unene wa watoto wa miaka 9 hadi 11. Kwa watoto wa Nairobi waliopimwa, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na uzani uliopita kiasi ama unene wa kupindukia. Na ni kama mmoja tu kati ya wanane aliyefikisha mazoezi yanayopendekezwa, yaani dakika 60 kwa siku.

Kuna jambo jingine la kushangaza kwenye utafiti huo. Katika nchi nyingi tajiri, watoto wa familia zenye elimu na kipato kikubwa huwa wembamba zaidi. Kwetu Kenya ilikuwa kinyume: watoto ambao wazazi wao wamesoma zaidi ndio walioelekea kuwa na uzani mkubwa. Kwa nini? Jiangalie mwenyewe. Pesa ikiingia kidogo, cha kwanza ni basi la shule linalomchukua mtoto mlangoni. Cha pili ni skrini. Cha tatu ni kuku na chipsi kila Ijumaa kama zawadi ya kufanya vizuri. Tumefanya chipsi kuwa medali.

Chupa ya soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata kwenye chakula, na ingekuwa bora zaidi kama ingekaa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hivyo chupa moja imemaliza kipimo cha siku mbili cha mtu mzima, na wewe umempa mdogo wako wa darasa la pili ili anyamaze uangalie mechi.

Halafu acheze wapi? Ploti imejengwa hadi ukutani. Uwanja wa mtaa umekuwa maegesho, ama ghorofa, ama kanisa, ama stoo ya mtu asiyejulikana. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakilalamikia ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Watoto wa shule ya msingi, manze. Picha zilizunguka dunia nzima, uwanja ukarudishwa. Lakini ni viwanja vingapi vilivyokwenda bila kamera kuwepo?

Na hata pale penye uwanja, kipindi cha michezo kwenye ratiba kimegeuzwa kuwa Hisabati ya ziada. Unajua, kwa sababu ulikuwepo.

“Lakini kuna watoto wanaolala njaa”

Tunajua utatuuliza swali hili, na ni swali la haki. Kwa utafiti ule ule wa 2022, asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa kwa kukosa lishe bora, ilhali walio na uzani kupita kiasi ni asilimia 3. Kwa nini basi tuongee kuhusu unene?

Kwanza, kwa sababu hizi si shida mbili zinazoshindana. Ni shida moja ya chakula kibovu yenye nyuso mbili. Kalori za bei rahisi zimefika kila mtaa, wa tajiri na wa maskini. Ishirini bob inakupatia mandazi mawili yaliyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, lakini haikupatii matunda ya kushibisha. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye uzani mkubwa na mtoto aliyedumaa, wote wakila kwenye sufuria moja.

Pili, kwa sababu tunaona kinachokuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2022 watoto na matineja milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzani uliopita kiasi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Mwaka wa 2025, Unicef ilisema kwamba duniani, kwa umri huo, unene wa kupindukia umepita upungufu wa uzani kwa mara ya kwanza. Afrika iliyo kusini mwa Sahara ni mojawapo ya maeneo ambayo bado hayajafika hapo. Bado. Tuna muda mfupi wa kuchagua, na hospitali zetu za kaunti hazina nafasi ya kupokea kizazi cha wagonjwa wa kisukari wenye miaka thelathini.

Usinunue wazimamoto wa chupa

Sasa lile neno tuliloliahidi. Ukishasikia kwamba vimeng’enya vya antioksidanti vinahusiana na unene, kuna mtu TikTok atakuuzia tembe. Atakuuzia sharubati ya kusafisha damu, chai ya kuyeyusha mafuta, poda ya kuamsha jeni. Atavaa koti jeupe. Atasema “sayansi imethibitisha”.

Muulize kuhusu Finland. Mwaka wa 1994, matokeo ya utafiti uliofanyiwa wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji sigara yalichapishwa. Baadhi yao walipewa tembe za beta-karotini, antioksidanti ambayo kwenye karoti haina ubaya. Watafiti walitarajia saratani ya mapafu ipungue. Waliokunywa tembe hizo walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha wavutaji sigara na watu waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, ulisimamishwa mapema mwaka wa 1996 baada ya kuonekana mwelekeo ule ule.

Wale walikuwa watu wazima wavutaji sigara, si watoto. Lakini funzo linabaki: mwili si ndoo ya kumwagia kitu kizuri kikazidi kuwa kizuri. Cheche zina kazi yake pia. Usimpe mtoto tembe yoyote ya kupunguza uzani kwa sababu umeiona mtandaoni.

Seleniamu ambayo ule mzimamoto wa tatu anaihitaji? Iko kwenye samaki, mayai na nafaka. Mboga kama managu, terere na sukuma wiki, dengu, njugu, maembe na mapapai ya msimu, hivi ndivyo mwili ulizoea kabla ya chupa zenye vibandiko. Na vinauzwa na yule mama wa kibanda ambaye hana koti jeupe.

Jihadhari pia na vipimo vya DNA vinavyodai kukuambia ule nini. Mwaka wa 2016, wanasayansi wawili walihesabu na kuonyesha kwenye jarida la Nature kwamba asilimia 81 ya washiriki wa tafiti kubwa za jeni duniani walikuwa na asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa kama asilimia 3 pekee. Ilhali Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi wa jeni kuliko bara lolote. Yale matokeo ya watoto wa Uhispania yanaweza kuwa kweli kwao na yasiwe na uzito ule ule kwa mtoto wa Kayole ama wa Kisauni. Mtu akikuuzia jibu ambalo halijatafutwa, anakuuzia hewa.

Hapa kuna habari njema pia. Mradi wa AWI-Gen umekuwa ukichunguza jeni na afya ya watu wazima kwenye sehemu kadhaa za Afrika, na mojawapo ni Nairobi, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani. Kazi imeanza. Inahitaji vijana wa kuiendeleza. Wewe uliyependa lile povu la Kidato cha Kwanza, kwani nani alikuambia maabara ni ya watu wengine?

Tunachotaka

Kwa kaunti: rudisheni viwanja. Hati za ardhi ya shule za umma ziwe mikononi mwa shule, si kwenye droo ya mtu. Uwanja mmoja wa mtaa ni dawa ya bei nafuu kuliko kliniki ya kisukari.

Kwa walimu: kipindi cha michezo kibaki cha michezo. Msikitumie kumaliza silabasi, na msikitumie kumwaibisha mtoto anayeachwa nyuma. Kuna michezo mingi ambayo si mbio.

Kwa wazazi: mtoto mnene si uthibitisho kwamba mambo yenu yako fiti, na si aibu ya kufichwa. Kijitabu cha kliniki kikiisha akifika miaka mitano, msiache kumpima. Mkiona uzani unaenda kasi kuliko urefu, mpelekeni kwa mhudumu wa afya. Wala msimnyime chakula, bado anakua. Badilisheni sufuria ya nyumba nzima, si sahani ya mtoto mmoja.

Na kwako, kijana unayesoma hii kwenye simu ndani ya matatu. Wewe ndiye unayetumwa dukani. Wewe ndiye unayemchukua mdogo wako shuleni siku ambayo mathe amechelewa kazini. Una nguvu kuliko tangazo lolote la soda. Mkitoka shule, tembeeni vituo viwili kabla ya kupanda gari. Nunua maji na ndizi. Mpira ukianza Jumamosi jioni, mchague yule mtoto wa kwanza, na usimweke golini. Mpatie namba ya ushambuliaji akose mabao kama wengine wote.

Na umwite kwa jina lake. Kuna mtoto anayeacha kutoka nje kwa sababu ya jina moja la utani, na mtoto asiyetoka nje hachezi, na asiyecheza ananenepa zaidi. Kicheko chetu kimo ndani ya uzani wake.

Lile povu la maabara bado linatokea ndani yake hivi sasa, kama linavyotokea ndani yako, kwa mamilioni kila sekunde. Wazimamoto wake wanafanya kazi. Huenda wake wana kazi nyingi kidogo kuliko wako. Sisi tusiwe ndio tunaoongeza moto.